Merikebu Iliyopigwa Mchangani: Taarikhi ya Hermann von Wissmann na Mpaka wa Ziwa Nyasa

Msafiri atokaye Mbinga kwenda ziwani huiacha baridi ya Umatengo, na mashamba yake ya kahawa, na yale mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo huyachimba ubavuni mwa milima ili mvua isiwachukulie udongo wao, kisha huteremka kwa mizunguko mingi hata masikio yakamziba. Na kabla hajafika Mbamba Bay huliona Ziwa Nyasa limetandazwa chini yake, refu lisiloonekana mwisho wake kaskazini wala kusini, na ng'ambo ya pili milima ya Malawi imesimama kama wingu la samawi. Akishika njia ya ufuoni kuelekea kaskazini atafika Liuli, penye ghuba iliyositirika na upepo wa mwera, na penye jabali kubwa lililochomoza majini ambalo wenyeji huliita Pomonda. Wajerumani walipoliona jabali hilo walilifananisha na lile sanamu la Misri lenye mwili wa simba na uso wa mwanadamu, ambalo Waarabu huliita Abulhauli, wakapaita mahali pale Sphinxhafen.

Katika ghuba hiyo, tarehe 13 Agosti 1914, merikebu ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann, iliyokuwa ikipakia abiria, barua na shehena katika ufuo wetu kwa zaidi ya miaka 20, ilipigwa mzinga na merikebu ya Waingereza. Wengi wameandika kwamba ilizamishwa. Ukweli ni kwamba haikuwa majini siku ile. Ilikuwa imepandishwa mchangani ikitengenezwa, nayo ikaharibiwa pale pale ilipolala. Jambo hili dogo, yaani kwamba chombo kilichopigwa kilikuwa nchi kavu na chombo kilichopiga kilikuwa majini, limenishughulisha kwa muda mrefu, kwa sababu kati ya vyombo hivyo viwili ulipita mstari ambao mataifa mawili bado hayajapatana juu yake hata leo.

Kabla ya moshi, majahazi

Kabla merikebu za moshi hazijaonekana katika maji haya, Ziwa Nyasa lilikuwa limekwisha kufungamana na pwani. Misafara ya Kilwa ilikuwa ikifika ufuo wa mashariki ikitafuta pembe na watu, na mafundi waliojua kazi ya pwani walijenga majahazi juu ya ziwa, yakavusha mateka kutoka Nkhotakota, walikotawala wale waliojiita Majumbe, hadi ufuo wa huku, ambako safari ya miguu ya kwenda Kilwa ilianza. Livingstone aliyaona majahazi hayo mwaka 1861. Yatupasa tulikiri jambo hili bila kuficha uso, maana biashara ile ndiyo iliyowapa wageni wa Ulaya hoja yao ya kwanza ya kuleta merikebu zenye mizinga.

Mjerumani aliyeishika hoja hiyo kwa mikono miwili alikuwa Hermann von Wissmann, ambaye watu wa mrima walimjua kwa sababu nyingine kabisa: ndiye aliyeletwa kuvunja vita vya Abushiri bin Salim, na Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Wissmann alichangisha fedha Ujerumani ili ijengwe merikebu ya kupigana na biashara ya watumwa katika maziwa makuu. Ikajengwa Hamburg vipande vipande, ikaletwa hadi mdomo wa Zambezi, ikapandishwa kwa mto Shire. Na pale ambapo maporomoko huzuia vyombo, vyuma vyote, na viungo vya mashine na mabamba ya ubavu, vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Iliungwa Mpimbi juu ya maporomoko hayo, ikaingia ziwani mwaka 1893. Wapagazi wale hawakuandikwa majina, na merikebu waliyoibeba ikapewa jina la mtu aliyeiomba.

Mstari ulioandikwa Ulaya, 1890

Wakati vyuma vya merikebu hiyo vikiandaliwa, wakubwa wa Uingereza na Ujerumani walikuwa wakigawana nchi. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ule ule ulioitia Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza na kuwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland katika bahari ya kaskazini, ulitaja pia mpaka wa upande wetu. Haukusema kwamba mpaka utapita katikati ya Ziwa Nyasa. Ulisema kwamba utafuata ukingo wa mashariki, kisha wa kaskazini, kisha wa magharibi, hadi kwenye mdomo wa mto Songwe. Kwa maneno mengine, nchi kavu ya Liuli, Mbamba Bay, Lituhi na Manda ilikuwa ya Mjerumani, na maji yanayolamba miguu ya Liuli yalikuwa ya Mwingereza.

Mtu aliyekulia ufuoni akisomewa maneno hayo lazima atastaajabu. Mnyasa hutoka nyumbani kwake hatua chache akatia mtumbwi majini. Maji ndiyo njia yake, ndiyo shamba lake, ndimo atokamo usipa na mbasa, na ndimo wanawe wanamoogelea kabla hawajajua kutembea vizuri. Kumwambia kwamba nchi yake yaishia pale povu la wimbi linapokauka ni kumwambia kwamba nyumba yake haina mlango. Lakini mwaka 1890 hakuna aliyemwambia, wala hakuna aliyemwuliza.

Wajerumani wenyewe hawakuona dhiki kubwa, kwa kuwa mikataba ya zama zile iliviruhusu vyombo vya mataifa kusafiri katika maji hayo, na merikebu yao ilikwenda ipendako. Ikawa ndiyo iliyoziunganisha bandari za ufuo wa mashariki: ilichukua maafisa na askari, wamisionari, wafanyabiashara, na wenyeji waliokwenda kutafuta kazi au kuwatazama jamaa zao. Merikebu iliyochangiwa fedha kwa ajili ya kuwakomboa watumwa iligeuka kuwa chombo cha serikali, na serikali hiyo, vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni, ilionyesha rehema yake ilivyo: tarehe 27 Februari 1906 machifu na wakuu wa Wangoni walinyongwa Songea, na baada yao alinyongwa Songea Mbano mwenyewe, na mashamba na ghala zikachomwa hata njaa ikaua kuliko risasi.

Manahodha wawili

Upande wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, Waingereza walikuwa na merikebu yao ya vita, Gwendolen, iliyoshushwa majini mwaka 1899. Nahodha wake alikuwa Rhoades, mtu aliyelijua ziwa kuliko wenziwe, kwa maana alilipima kina na kulichora ramani. Nahodha wa Hermann von Wissmann aliitwa Berndt. Wawili hawa walikuwa marafiki. Walikutana bandarini mara kwa mara na kunywa pamoja, na katika ziwa lenye Wazungu wachache kiasi kile haiwezekani kudhani kwamba mmoja alimwona mwenzake kuwa adui.

Uingereza iliingia vitani na Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Habari zilifika Zomba kwa waya za simu, na Gavana akamwamuru Rhoades aitafute merikebu ya Wajerumani na kuiharibu, ili wasipate kuvusha majeshi kwa ziwa. Lakini habari hizo za vita hazikufika Liuli. Berndt alikuwa ameipandisha merikebu yake mchangani kwa matengenezo, na asubuhi ya tarehe 13 Agosti alipoiona Gwendolen ikiingia ghubani hapana shaka alidhani rafiki yake amekuja kumtazama.

Gwendolen ilifyatua mzinga wake mdogo. Risasi za kwanza zilikosa. Hatimaye moja ikaipata merikebu iliyolala, na Berndt, asiyeelewa lililotokea, akashuka katika mashua ndogo, akavuta makasia hadi ubavuni mwa Gwendolen huku akipiga kelele za hasira, akimshutumu Rhoades kwamba ulevi umempanda kichwani. Akapandishwa juu, akaelezwa kwamba nchi zao zina vita, akafanywa mateka. London ilipopata habari, gazeti la The Times liliitangaza kuwa ushindi wa wanamaji katika Ziwa Nyasa, na kuna wasemao hadi leo kwamba ulikuwa ushindi wa kwanza wa majini katika vita vile vikuu, ijapokuwa mizinga ya Waingereza ilikuwa imekwisha kuipiga Dar es Salaam siku tano kabla.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko katika vitabu vya Kiingereza. Mimi sikioni hivyo. Siku ile watu wa Liuli, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa ng'ambo, waliusikia mlio wa mzinga ukigonga Pomonda na kurudi, na vita ambavyo sababu yake ilikuwa mbali mno vikawa vimepiga hodi mlangoni mwao kabla hata serikali iliyowatawala haijajua.

Ziwa la dola moja, 1914 hadi 1918

Natija ya risasi ile ilikuwa kubwa kuliko chombo chenyewe. Kuanzia Agosti ile Wajerumani hawakuwa tena na merikebu ziwani, na ufuo wote wa mashariki, tangu Mbamba Bay hadi Itungi, ukawa mlango usio na bawabu. Waingereza walisafirisha majeshi yao kwa maji hadi Karonga bila kuhofu kushambuliwa njiani, na Wajerumani walipouvamia mji huo Septemba 1914 kwa njia ya nchi kavu walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa ya pande zote mbili.

Waliokufa Karonga wengi wao walikuwa Waafrika, na hapo ndipo siasa ilipoanza. Mchungaji John Chilembwe wa Chiradzulu aliandika barua gazetini kuuliza kwa nini watu wake wamwage damu katika vita visivyowahusu, ilhali wakati wa amani hawahesabiwi. Barua ilizuiwa na serikali. Januari 1915 akainuka kwa silaha, na mwanzoni mwa Februari alikwisha kuuawa. Sisemi kwamba mzinga wa Liuli ulimwinua Chilembwe. Mateso ya mashamba ya Wazungu na kodi ya nyumba yalitosha. Lakini njia ya maji iliyofunguliwa na mzinga ule ndiyo iliyowapeleka askari Karonga, na Karonga ndiyo iliyomtia kalamu mkononi.

Mwezi Mei mwaka huo huo ulimwengu mzima ulikuwa ukizungumza juu ya merikebu nyingine. Tarehe 7 Mei 1915 manowari ya Wajerumani iendayo chini ya maji iliizamisha Lusitania karibu na Ireland, wakafa abiria na mabaharia zaidi ya 1,100, wakiwamo Wamarekani zaidi ya 100, na ghadhabu iliyozuka ikawa mojawapo ya mambo yaliyoisogeza Marekani kuelekea vitani, ingawa haikuingia hata Aprili 1917. Wiki tatu baada ya msiba ule, tarehe 30 Mei, Waingereza walirudi Liuli na kushusha askari, wakaiharibu zaidi merikebu ya Berndt ili Wajerumani wasiitengeneze tena. Hakuna gazeti la New York lililoandika habari hiyo kwa wino mzito. Hata hivyo, Lusitania haikubadili mpaka wowote katika bahari ile, na chombo hiki kidogo kiliacha jambo lisilokwisha.

Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Northey lilitoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likatwaa nyanda za juu za kusini, na Septemba Songea ikaangukia mikononi mwake. Chakula na baruti zilikuja kwa ziwa, zikashushwa ufuoni kwetu, na kutoka hapo zikawa mizigo ya vichwa. Huko Nyasaland wapagazi hao waliitwa tengatenga, na idadi yao katika vita vyote hukadiriwa kufikia karibu laki 2. Upande wetu pia walikamatwa wanaume kwa wanawake, leo kwa Mjerumani, kesho kwa Mwingereza, na jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, lililotokana na kambi ya kikosi cha wachukuzi, ni kaburi lao lisilo na msalaba wala nisani. Jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, akarudi mwaka uliofuata akapita nchi ya Songea na kuelekea Njombe, akisomba chakula kila alipopita, na homa kuu ya mafua ikafuata nyuma yake ikikusanya waliobaki. Alijisalimisha Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918.

Ama merikebu yenyewe, Waingereza waliiinua, wakaitengeneza, wakaipa jina la mfalme wao, King George V, ikarudi majini. Jina la yule aliyemshinda Abushiri likafutwa ubavuni mwake.

Mstari uliolala, 1919 hadi 1961

Sasa nafika mahali ambapo taarikhi hii hupitwa haraka na waandishi, nami naona ndipo penye kiini chake. Vita vilipokwisha, nchi ya Wajerumani ilitolewa kwa Waingereza kuwa amana chini ya Shirikisho la Mataifa, ikaitwa Tanganyika, na hati ya udhamini ikathibitishwa Julai 1922. Nyasaland ilikuwa ya Mwingereza tangu zamani. Basi pande zote mbili za ziwa zikawa chini ya taji moja, na mtu mwenye milango yote miwili hana haja ya kuuliza ukuta u wapi. Baadhi ya taarifa na ramani za miaka ya udhamini zikaonyesha mstari katikati ya ziwa, nyingine zikauonyesha ukingoni, na afisa wa Songea na mwenziwe wa Nkhata Bay hawakugombana, kwa kuwa wote wawili waliandika barua zao kwa serikali moja ya London.

Ziwa lenyewe likazidisha ugumu. Kuanzia mwaka 1915, mchanga na matete yalipoziba mahali Shire inapotokea, maji yaliacha kutoka kwa njia yake ya kawaida, yakawa yakipanda mwaka baada ya mwaka hata 1935, mto ulipofunguka tena. Kwa muda wa miaka 20 ukingo ulikuwa ukisogea, ukimeza mashamba ya mihogo na viwanja vya nyumba katika ufuo wote. Ikiwa mpaka ni ukingo, basi katika miaka hiyo mpaka ulikuwa ukipanda ufuoni, na mzee aliyelala Tanganyika angeweza kuamka Nyasaland bila kutoka kitandani. Hakuna aliyemwamsha kumwambia. Alihamisha nyumba yake juu kidogo, akaendelea kuvua.

Mstari ulioamka

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Malawi tarehe 6 Julai 1964. Mwezi huo huo wa Julai wakuu wa nchi za Afrika, wakikutana Cairo, waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Azimio lile lilizuia vita vingi, nami nalistahi; lakini kwa ziwa letu lilileta swali lisilokuwapo, yaani mpaka gani ulikutwa siku hiyo: wa maneno ya mwaka 1890, au wa zile ramani zilizopita katikati ya maji?

Mambo mengine yakalitia swali hilo moto. Mawaziri wa Malawi waliokosana na kiongozi wao, Dakta Banda, mwaka 1964 walikimbilia Tanzania, miongoni mwao Kanyama Chiume, aliyelelewa Tanganyika na kukijua Kiswahili hata akakiandikia vitabu. Banda aliikasirikia Dar es Salaam kwa kuwapokea, na Dar es Salaam haikumpenda kwa urafiki wake na Wareno na makaburu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba Tanzania inaamini mpaka uko katikati ya ziwa. Banda akajibu kwa kudai zaidi ya maji: mwaka 1968 alisema kwamba hata nchi kavu kwa upande wetu, Songea ikiwamo, ni ya Malawi kwa asili. Madai hayo ya nchi kavu hayakufika popote, lakini maneno ya aina ile hayasahauliki upesi kwa watu wanaoishi mahali panapotajwa. Wakati huo ufuo huu ulikuwa na uchungu wake mwingine: Oscar Kambona, mzaliwa wa Kwambe karibu na Mbamba Bay, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, aliihama nchi mwaka ule wa 1967 baada ya kuhitilafiana na Mwalimu, na jina lake likawa la kutajwa kwa sauti ya chini.

Kwa miaka mingi shauri likapoa, kila nchi ikichapa ramani yake na kuliita ziwa kwa jina lake. Liliwaka tena pale Malawi ilipotoa leseni ya kutafuta mafuta chini ya ziwa, na mwaka 2012, mwaka ule ule Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga, serikali mbili zikarushiana maneno makali hata watu wa Mbamba Bay wakawa wakisikiliza redio kwa hofu. Rais Kikwete na Rais Joyce Banda walikubali kulipeleka shauri kwa jopo la marais wastaafu likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Malawi inashika maneno ya 1890 na azimio la Cairo. Tanzania inashika desturi ya mataifa, ambayo aghalabu huyagawa maziwa katikati, na haki ya watu kwa maji wanayoyaishi. Mimi ni mtu wa ufuo wa huku, na sitajifanya kwamba moyo wangu uko katikati. Lakini nakiri kwamba hoja ya wenzetu imeandikwa wazi, na kwamba yetu ilipata nguvu zaidi kwa sababu ya miaka 47 ambayo Mwingereza, baada ya kuinyang'anya Ujerumani ziwa kwa risasi moja, hakuona haja ya kuandika lolote vizuri. Shauri hilo bado halijapata hukumu.

Usiku usio na mwezi, wavuvi wa Liuli hutoka na taa zao kuvua usipa, wakapita kando ya Pomonda na kwenda mbali hata mitaa ya nuru yao huonekana kama mji ulioota majini. Mara nyingine hukutana huko na taa za wenzao wa ng'ambo, wakasalimiana, wakaulizana habari za samaki na za ndugu, maana koo nyingi zina watu pande zote mbili. Alfajiri hurudi, na wanawake huwapokea ukingoni na kuanika usipa mchangani, pale pale merikebu ilipokuwa imelala asubuhi ya Agosti 1914, ambapo kwa maneno ya mkataba ule wa zamani ndipo Tanzania inapoishia.